Vipele Vyangu, Kikombe cha Kakangu

Kabla sijaeleza nilichomfanyia kakangu, inanibidi kwanza niseme nilichokuwa nacho mwilini, na hapo ndipo kalamu inaponikwama. Nimeandika barua za kazi zisizo na idadi maishani mwangu, wala hapana hata moja iliyonitoa jasho. Sentensi hii nimeizunguka wiki nzima. Basi na iwe. Nilikuwa na vipele kwenye uume. Vilikuwa vidogo, vyeupevyeupe, vya kimo kimoja, vimejipanga mstari kuzunguka kichwa chake kama shanga zilizotungwa. Haviumi, haviwashi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, sijaoa, na sijapata kumgusa mwanamke asiye wa nyumbani kwetu hata kwa kumpa mkono wa Idi.

Ilikuwa miaka ya tisini, na UKIMWI ulikuwa kwenye kila ukuta wa Mombasa. Kila aliyekonda alipigiwa hesabu. Hakungojewa daktari aseme. Mtu akikohoa wiki mbili, nyumbani kwao wanaanza kumtengea kikombe. Hapakuwa na maelezo, wala ugomvi. Kikombe kinawekwa peke yake, na mwenye kikombe anajua, na wageni wakiingia wanajua. Mimi nililiona jambo hilo katika nyumba mbili za mtaani kwetu, na nyakati zote mbili nilisema moyoni kwamba sisi hatungemfanyia mtu hivyo.

Tulikaa Mji wa Kale, ghorofa ya juu ya nyumba aliyoiacha babu. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na kakangu pale anapokuwa nchi kavu. Kaka alinizidi miaka tisa, na alikuwa baharia kwenye meli za mizigo. Hukaa baharini miezi tisa au kumi, kisha hurudi akakaa nasi miwili mitatu, akilala chumbani kwangu na kupiga pasi nguo zangu za kazi kuliko nilivyojua kuzipiga mwenyewe. Baba alifariki nikiwa na miaka minane. Kaka, mwenye miaka kumi na saba, akawa ndiye baba. Nilipobaleghe ni yeye aliyenifundisha josho la janaba. Alinifundisha kwenye ngazi, kwa dakika moja, akiutazama ukuta: ukianza hivi, ukimaliza hivi, maji yafike kila mahali, umefahamu? Nikasema nimefahamu. Akashuka ngazi mbiombio kama anayekimbizwa.

Vikoi vyetu vilitundikwa msumari mmoja nyuma ya mlango wa chumba. Vilikuwa vinne au vitano, na hakuna kilichokuwa na mwenyewe. Anayetangulia kuoga hujifunga cha juu. Niseme pia kwamba tulikula kwenye sinia moja, sote watatu, na mama akitusogezea minofu upande wetu kama tungali watoto. Haya nayasema kwa sababu ndiyo niliyoyavunja.

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa kuhesabu mizigo Kilindini. Nasimama kando ya meli na karatasi yangu, makuli wanashusha magunia, nami nahesabu. Gunia lililopasuka au lenye doa la maji natia alama, linatengwa. Sihitaji kujua limepata nini. Naliona, nalitenga, nasonga mbele. Nilikuwa hodari sana wa kutenga.

Siku moja ofisini wakabandika bango la magonjwa ya zinaa, lenye picha za rangi. Watu wazima walipita mbele yake wakikohoa. Mimi nililitazama kwa pembe ya jicho, mara tatu, nne, kila nikienda kunywa maji. Picha mojawapo ilikuwa ya chunjua zinazoota kwenye utupu wa mwanamume. Nikarudi nyumbani, nikaingia bafuni, nikajitazama kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Sisi tulilelewa kutojitazama. Unaoga kama unayeosha kitu cha mtu mwingine. Na mwangaza wa dirisha la bafu, ulio mdogo tu, ulinitosha kuviona vile vipele vimenikalia safu.

Leo najua kwamba huenda vilikuwepo tangu nina miaka kumi na sita. Siku ile nilihisi vimeota usiku wa kuamkia jana. Nikaketi kwenye kigoda cha kuogea huku maji yanapoa, nikaanza kutafuta vimetoka wapi. Mwanamke, hapana. Choo cha kazini, labda. Kisha nikakikumbuka kikoi nilichokuja nacho bafuni, na nikakumbuka ni nani aliyekivaa asubuhi. Kaka alikuwa amerudi wiki mbili nyuma. Baharia. Mtu aliyekanyaga bandari ambazo mimi nazijua kwa kuzisoma ubavuni mwa makasha. Ushahidi sikuwa nao, ila kazi yake nilikuwa naijua, na hiyo ikanitosha.

Kesho yake nilimkuta mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia, bila kuketi:

"Mama, vikoi vya kaka usivifue pamoja na vyangu."

Akaacha kukuna.

"Kwani ana nini?"

"Hana kitu. Usivichanganye tu."

Hiyo tu. Sikumtaja mtu kwa ubaya, sikutaja ugonjwa. Nilijiambia kwamba sikusema kitu. Mama akaendelea kukuna polepole, na mimi nikaenda kazini.

Siku ya pili kikombe kikawa tayari. Kilikuwa cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni. Zamani tulikitumia kuchotea maji ya mtungini. Mama alimtilia kaka chai ndani yake, na sisi wawili tukanywa kwa vikombe vyetu vya kila siku. Kaka alikitazama. Akamtazama mama, mama akawa anashughulika na mkate wa mofa. Kisha kaka akanywa. Siku iliyofuata ilikuwa sahani. "Nimekupakulia chako kando, usije ukangoja," mama alimwambia, naye aliitika "Ahsante, mama" kwa sauti ya mgeni. Sinia likabaki letu wawili. Wali ule sijui nilivyoumeza.

Hakuuliza. Alianza kuoga mwisho, baada yetu sote. Alianza kufua vikoi vyake mwenyewe na kuvianika kwenye kamba ya upande wa pili wa paa. Yeye ndiye aliyeona watu wakitengewa vikombe katika nchi nyingi kuliko sisi, na alijua hasa ameambiwa nini. Mimi niliyaona yote hayo, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema. Lakini ili niseme kaka hana kitu, ingenipasa niseme mimi nina nini. Nikanyamaza. Nakiri ya kwamba nilimchukia kidogo kwa kunifanya nijisikie mwovu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujitibu. Nilipokuwa mdogo nilitokwa na chunjua kwenye kidole gumba, na bibi akaiunguza kwa mafuta ya ganda la korosho mbichi. Kila mtu wa pwani anayajua mafuta yale. Mtoto akibandua korosho mbichi kwa meno, midomo inaungua wiki nzima. Chunjua yangu ilikauka, ikaanguka. Basi nikapiga hesabu ya mtu mwenye akili: chunjua ni chunjua. Nikatafuta korosho mbichi sokoni Marikiti, nikazificha kwenye mfuko wa koti, na siku ya Jumamosi mchana, mama yuko arusini, kaka ametoka, nikajifungia bafuni na njiti ya kiberiti ya kuyapakia mafuta yale.

Sitaeleza sana. Mwanzo haikuuma, ndipo nikazidisha. Ilipofika alasiri niliuma taulo ili jirani wasisikie. Jumatatu nilikuwa na malengelenge, na Jumanne nilikwenda kazini nikitembea nimetanua miguu, na makuli wakaniona kutoka mbali.

"Karani!" mmoja akapiga kelele. "Umerudishwa kumbini? Ya kwanza hawakuikata sawasawa?"

Genge zima likaangua kicheko. Hata mwendesha winchi alisimamisha kazi achungulie. Nikacheka nao, nikahesabu magunia vibaya, nikayahesabu tena. Mtu akitahiriwa utotoni huletewa mikate ya mayai na kuku wa kupaka. Mimi safari hii sikuletewa kitu, na nilistahili.

Siku ya Alhamisi sikuweza tena kuvumilia. Kwenda kwa daktari wa Mji wa Kale ilikuwa sawa na kupanda mnarani nikatangaza. Nikavuka mji mpaka Buxton, ambako kulikuwa na zahanati ndogo ya daktari wa bara, mtu ambaye hakumjua mamangu wala nyumba yetu. Mwanamke wa mapokezi aliniuliza kwa sauti ya kusikika nje, "Unaumwa na nini?" Nikasema, "Tumbo." Akaandika tumbo. Nikaketi kwenye benchi nusu ya kalio, kwani kalio zima lilinishinda.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani mizito na koti lililofupika mikono. Nikamwamkia, nikafunga mlango, nikauhakikisha umefungika. Kisha nikatafuta neno. Kwetu kuna maneno ya heshima ya sehemu hizo, na mimi nikachagua lile la heshima kuliko yote.

"Daktari, nina vipele utupuni."

Akatazama karatasi yake. "Tumbo iko tupu? Haujakula tangu lini?"

"Nimekula, daktari. Utupuni. Tupu ya mbele."

"Mbele ya tumbo?"

"Chini yake."

"Chini ya tumbo." Akaandika hata hilo. Kisha akainua kichwa, akaona nilivyokaa, akaweka kalamu. "Aah," akasema. "Vua suruali, kijana."

Aliniuliza kama nimelala na mwanamke. Nikamjibu kwamba sijaoa. Akasema, "Sijakuuliza kama umeoa." Nikamwambia hapana, sijalala na mtu, wallahi, na aliniamini kwa wepesi ulionishangaza. Akavaa glavu, akavuta taa. Nilitazama dari. Palikuwa na doa la maji pale darini, na nikalikariri mipaka yake yote.

"Na hii ilikuunguza ni nini?"

"Korosho."

"Ya kula?"

"Ganda lake."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena, akatazama mara ya pili. Hakucheka. Mpaka leo namwombea dua mtu yule kwa kutocheka.

"Sikiliza," akasema. "Mimi leo natibu korosho. Hivi vipele vya mstari si ugonjwa. Ni ngozi yako tu, vile uliumbwa. Wanaume wengi wako navyo, lakini nani atasema? Hakuna mtu alikupatia, na wewe huwezi kumpatia mtu. Hata mke ukioa. Usivikamue, usivikwaruze, usivipake kitu. Ukizeeka vinaweza kupungua vyenyewe. Na hivi vidogo vya manjano kwa pumbu, kama ulikuwa unaogopa hivyo pia, ni mafuta ya ngozi."

Nilikuwa naviogopa hivyo pia.

Kisha akanyoosha kidole, na maneno yaliyofuata nimeyarudia kwa wanangu wa kiume, kila mmoja alipobaleghe, nikiwatazama usoni wala si ukutani. Alisema ukiona kidonda huko chini, njoo siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi, maana vingine vibaya ndivyo visivyouma. Ukitokwa na usaha au ukiungua wakati wa kukojoa, njoo. Malengelenge ambayo hukuyaleta wewe mwenyewe, uvimbe kwenye kinena, kipele kinachokua, kinachozaana, kinachogeuka rangi au kutoa damu, njoo. "Na kama hujui ni kipi, pia njoo," akasema. "Kuangalia ni dakika tano. Wewe umeungua wiki moja kwa kuogopa dakika tano."

Akanipa mafuta ya kupaka. Nilikuwa nimekwisha kufunga mkanda nilipouliza, nikijifanya nauliza tu, kama vitu hivi vyaweza kupatikana kwa kuvaa kikoi cha mtu.

"Si nimekuambia si ugonjwa? Kikoi ya nani?"

"Cha kakangu."

"Na yeye mmemfanya nini?"

Nadhani alikuwa ameshazisikia hadithi hizi, kwa sababu hakungoja jibu. Akasema, huku akiandika, kwamba hata ule ugonjwa mkubwa unaoogopwa hauambukizi kwa kikombe, wala sahani, wala kula pamoja, na kwamba amechoka kuwaambia watu hivyo. Nikatoka. Nilivuka barabara bila kutazama magari. Kwa wiki mbili niliogopa aibu ya mwili wangu, na mwili wangu haukuwa na aibu yoyote. Aibu ilikuwa kule juu kwenye rafu ya mama, ya bati, buluu.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda moja kwa moja nyumbani nikasema. Ilinichukua siku nane. Kila asubuhi niliazimia, na kila asubuhi niliona kikombe, nikala mkate, nikaondoka. Kidonda changu kilipona kabla sijafungua mdomo. Kisha wakala wa meli akamletea kaka habari kwamba atapanda Jumapili.

Ijumaa baada ya alasiri nikamwomba tutembee kando ya bahari, Mama Ngina. Tulikuwa na mazoea yetu pale: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kisha dafu moja la watu wawili, anakunywa yeye, ananipa mimi. Tulifanya hivyo tangu nilipokuwa nafika kiunoni mwake. Siku ile aliagiza madafu mawili. Akanipa langu kwa mkono wa kulia, kwa adabu, akasogea kidogo. Watu walikuwa wengi, watoto wanakimbizana.

Nikaweka langu chini. Nikanyoosha mkono nikalichukua lake, nikanywa pale pale alipokuwa ameweka mdomo.

"Wafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia yote. Nilianza na bango, nikaja kwenye bafu, kikoi, mama, korosho, doa la darini. Nilisema haraka, nikitazama maji ya mlango wa bandari. Nilipofika kwenye korosho nilisikia pumzi yake ikikatika, nikadhani anacheka. Nikageuka. Hakuwa akicheka.

"Hebu sikiza," akasema. "Vipele hivyo n'navyo hata mimi."

Nikamtazama.

"Tangu ubarobaro. N'lilia nusu ya mwezi. Baba akaniona sili, akanitoa mpaka papa hapa, akan'ambia hata yeye anavyo, si maradhi, wengi wanavyo. Akan'ambia, 'Siku utakayomfundisha nduyo josho, na hili mwambie, asije akahangaika.'" Alikuwa anagandua nyuzi za dafu kwa ukucha. "Siku ile kwenye ngazi n'likuwa nalo mdomoni. N'kaona haya. N'kasema n'takwambia siku nyengine."

Tukakaa hapo, watu wazima wawili, kila mmoja na haya zake. Yeye alikuwa ameona haya miaka minane nyuma, kwa sekunde moja, kwenye ngazi. Mimi niliona haya wiki tatu nikaacha mtu anywe na bati nyumbani mwa babake. Zote twaziita haya, lakini hazikuwa sawa, na sikukubali aziweke sawa, ingawa alitaka.

"Nisamehe, kaka."

"N'shakusamehe." Kisha akauliza, "Na mama umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka mara moja tu. "Nataka nile kwenye sinia kabla sijaondoka."

Jioni ile ile nikamfuata mama jikoni. Nikamwambia kwamba yale niliyosema juu ya kaka hayakuwa kweli, kwamba nimekwenda kwa daktari, kwamba kaka hana kitu na hakupata kuwa na kitu. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Yapi uliyosema?" akauliza. "Hukun'ambia kitu, mwanangu."

Na kweli sikuwa nimemwambia kitu. Nilitafuta neno la kurudisha nikakosa, maana nililokuwa nimelitoa lilikuwa juu ya kufua nguo. Naye alikuwa na haya zake: angekubali kwamba nimemwambia, angekuwa amekubali kwamba aliamini. Siku ya Jumamosi alipakua wali kwenye sinia moja, sote watatu, akamrundikia kaka minofu yote upande wake mpaka mimi nikabaki na mifupa. Kikombe cha bati kilirudi mtungini. Hakuna aliyekitaja, na Jumapili kaka akapanda meli.

Alirudi baada ya miezi kumi na moja, amenawiri, amekuja na mabegi mawili. Mama alimtilia chai kwenye kikombe kizuri kuliko vyote, kile cha maua cha wageni. Kaka akamshukuru, akakisogeza kando taratibu, akafungua begi, akatoa kikombe chake mwenyewe.